Uso Mkavu, Moyo Mbio

Jumatatu, 4 Machi 1996

Saa tatu za mkono nimezitengeneza kabla ya adhuhuri. Ya nne nilikuwa nayo mezani mke wangu Maryam alipoingia dukani. Akaniambia khitma ya arubaini ya marehemu babake ikishasomwa Ijumaa, keshoye atapanda basi kwenda kwa mamake Voi, na huenda asirudi. Nilikuwa na kioo cha kukuzia jichoni. Nikamwambia, "Sogea kidogo, waniziba mwanga." Akasogea. Saa ile nikaimaliza vizuri kuliko zote. Najichukia.

Jumanne, 5 Machi

Shtaka la Maryam: tangu babake afariki sijamwambia neno. Kweli. Nilinunua sanda, nikasimama kaburini, nikahangaikia wali wa matanga. Kila kitu isipokuwa neno. Yeye akilia, mimi naona bawaba ya dirisha imelegea, nainuka kuikaza.

Jumatano, 6 Machi

Nimepita kwa binamu yangu Salma, anayefundisha saikolojia chuoni. Nilijifanya namuulizia rafiki. Hakudanganyika. Asema mtu alivyoshikamana na waliomlea ndivyo ashikamanavyo na mwenziwe ukubwani. Kuna watu ambao ubongo wao haubanduki mlangoni: nani kaja, nani kanuna, nani ataniacha. Huyo Maryam. Kuna ambao ubongo wao ulijifunza mapema kugeuza macho kabla uchungu haujaonekana. Huyo "rafiki" yangu. Lakini kugeuza macho si kutohisi, asema. Mwili unajua.

Nilikasirika. Nikanywa chai yake, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Mama alipoachika nilikuwa na miaka sita. Nikaachwa kwa shangazi. Sikulia. Wageni wote wakanisifu: mtoto mwema huyu, hana usumbufu. Sifa hiyo nimeila miaka thelathini.

Ijumaa, 8 Machi

Khitma imesomwa. Jioni Maryam alikunja kanga zake kitandani, amenipa mgongo. Nilikuwa na saa ya mteja, naijaribu kama inakwenda sawa. Nikaweka vidole kwenye mshipa wa mkono wangu, nikahesabu. Dakika nzima. Mapigo mia na kumi na nne. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati: uso mkavu, kama wa mtu anayengoja chai.

Nilishtuka. Salma hakukosea. Na bado nikaigeukia tena saa ya mteja. Mwoga mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Kituo cha basi cha Mwembe Tayari, saa mbili asubuhi. Kelele za wachuuzi. Nilimbebea sanduku. Macho yakakimbilia gurudumu la basi, yakaanza kuhesabu nati. Nikayarudisha kwa nguvu usoni pake.

Nikasema, "Maryam, naogopa kuachwa. Na babako alinipenda. Kifo chake kimeniuma, nikakificha."

Alilichukua sanduku mkononi mwangu.

"Kumbe waweza kusema," akajibu. "Lakini leo naenda. Nimechoka."

Akapanda. Sikumlaumu.

Jumapili, 10 Machi

Sikufungua duka. Nilikaa barazani. Bi Zuhura, jirani yetu, alipita akitoka sokoni akaniuliza kama desturi, kwema? Maisha yangu yote jibu ni lile lile, hata maiti iwe bado ndani: kwema. Nikamwambia si kwema. Mke wangu amekwenda, na babake nilimpenda. Hapo nikalia, mchana kweupe, watu wanapita.

Bi Zuhura aliweka kikapu chake chini, akakaa.