Msiba wa Kuigiza

Jumatatu, 7 Julai

Intaneti imekata tena. Naanza upya kuituma filamu. Leo Sabasaba, mtaa mzima umehamia kwenye maonyesho, nikadhani mtandao utakuwa mwepesi. Mwepesi wapi. Nimekwenda mpaka Mabibo, kwenye kibanda cha intaneti karibu na hosteli za wanafunzi. Jioni faili likapita. Filamu yangu imefika kwa watu wa tamasha huko Asia.

Nilipaswa kufurahi. Naogopa. Ni lile jeneza la tukio la msiba. Wasanii wote niliowaomba walikataa kulala ndani yake, wakasema ni uchuro. Mama, mwalimu mstaafu asiyeamini mambo hayo, akasema, "Nitalala mie. Kwani mtu anakufa kwa kulala?" Tukafunga turubai uani, tukatandika mikeka. Sikuwaambia majirani. Hilo ndilo kosa langu. Hapa Kinyerezi turubai likisimama huulizi, unajifunga kanga unakwenda. Wakaja. Mama Neema wa nyumba ya pili alianza kulia akiwa bado getini. Kamera ya simu yangu inarekodi. Sikuizima.

Mama alipoinuka kukaa, wengine walitimua mbio. Mama Neema alinitazama tu, akaondoka. Kilio chake ndicho kizuri kuliko vyote kwenye filamu.

Jumatano, 23 Julai

Majirani hawajanisamehe. Nikiwasalimia wanaitikia kwa midomo tu.

Jeneza liko stoo, nyuma ya gunia la mkaa. Fundi aliyelitengeneza hataki hata kulisikia. Kulichoma naogopa, kulitupa naogopa zaidi. Nikienda kuchota mkaa natazama ukutani.

Mama anasema kifua kizito. Vumbi, anasema. Miguu imemvimba. Simwambii ninachofikiri.

Ijumaa, 8 Agosti

Lazima niandike.

Asubuhi Mama ameanguka bafuni. Nimemkuta chali, macho hayaoni. Nikapiga yowe. Nikatoka getini, nikapiga tena. Nanenane, sikukuu, watu wamo majumbani mwao. Niliwaona. Mmoja alichungulia dirishani, akarudisha pazia. Dada wa genge la mbogamboga alitabasamu, akaanza kutafuta kamera kwa macho. Ndipo nikaelewa. Wanadhani tunashuti.

Nikasema ni kweli jamani, ni kweli. Hata kwenye filamu ningesema hivyohivyo.

Mama Neema ndiye aliyekuja, mikono ina unga. "Nikikuta kamera humu ndani nakupiga," alisema. Akaingia bafuni, akamwona Mama. Tulimbeba wawili, akasimamisha bajaji. Hospitali wamesema ni moyo. Wamesema tungechelewa kidogo tu asingefika.

Sijawahi kuogopa namna hii.

Jumapili, 10 Agosti

Mama yuko kwenye oksijeni. Mjomba Elisha, mdogo wake anayeuza ndizi soko la Mabibo, amekuja nyumbani na shoka. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Akalitoa jeneza stoo, akalipasua vipande vipande uani. Alipomaliza alikaa chini, jasho linamtoka. "Umemzika dada yangu mzima mzima," alisema. "Na hiyo filamu iondoe."

Filamu ni kitu pekee nilichowahi kukimaliza maishani. Nimeona aibu hata kuliwaza hilo.

Jumanne, 12 Agosti

Watu wa tamasha wamejibu. Wameichukua.

Nimesoma nikiwa kwenye benchi la wodini. Nimefurahi, kisha nikajichukia. Wanasema waombolezaji wangu wanaigiza kwa namna ambayo hawajawahi kuiona. Wanataka majina yao yaandikwe mwishoni, na ridhaa ya kila mmoja. Hawajui. Hakuna hata mmoja wao aliyeigiza.

Mama amelala. Naangalia kama kifua kinapanda. Kikikawia, nasimama.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Neema. Nimepita mlango wake, nimerudi, nimepita tena.

Alikuwa anapika maandazi. Nilimshukuru kwa ile Ijumaa. Nikamwomba msamaha. Kisha, kwa pumzi ileile, nikamweleza habari za tamasha, na jina lake, na watu wa mbali watakaomwona. Nilijisikia ninavyosema, nikatamani ardhi inimeze. Aligeuza maandazi yote kwanza.

"Mie nilimlilia mama yako," alisema. "Sikuwalilia wao."

Nikasema sawa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeukata msiba wote kwenye filamu. Nimefuta na rekodi zake za awali, nisije nikashawishika. Nimewaandikia watu wa Asia kwamba sehemu ile haipo tena, na kwa nini. Mjomba hajui bado.

Siyo kwamba nimekuwa mwema. Naogopa tu. Naogopa siku nitakayopiga yowe, asitoke mtu. Naogopa Mama kuzikwa na mimi na Mjomba peke yetu.

Jumapili, 24 Agosti

Mama amerudi nyumbani jana. Amekonda, sauti imekuwa ndogo. Watu wa Asia wamejibu kwa adabu kwamba bila msiba ule hawataionyesha filamu. Nikamwambia Mama. Akasema, "Basi," akaomba mto mwingine mgongoni.

Leo baada ya ibada watu wameanza kuja kumpa pole. Kwanza Mama Neema na uji wa ulezi. Halafu dada wa genge, amesimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuvua viatu. Halafu wengine, mpaka viti vikaisha. Mtu alisema neno, Mama akacheka, kisha akashika kifua. Hakuna aliyegeuka kutafuta kamera. Wote walikuwa wanamtazama yeye, mpaka akavuta pumzi, akaomba uji uongezwe sukari.

Simu yangu ilikuwa chumbani inachajiwa. Niliiacha hukohuko.