Maombi kwa Ajili ya Ilvane

Jumatatu, 6 Machi 2006

Wiki ya tatu ya ndoa, na mume wangu ameniletea dunia nzima! Riwaya ya kurasa mia nane, kaazima kwa Lakhbir, mwenzake kazini. Ameifunika kwa karatasi iliyobaki ya zawadi za harusi — mawaridi matupu!

Kiingereza nilichosoma sekondari Kigoma kinatosha, kamusi iko pembeni. Lakini hiyo ramani! Nchi inaitwa Orovai. Mito yake hupanda milima badala ya kushuka. Angani miezi ni miwili, na ule mdogo ukitoka mikate haiumuki, basi siku hiyo watu hula samaki. Mtu amekaa akafikiria mpaka mikate! Nje ni mvua tu ya Kingstanding, mtaa wetu huu wa ughaibuni. Mimi sipo.

Jumatano, 8 Machi

Wakioana Orovai, kila mmoja humpa mwenzake kumbukumbu moja, na aliyetoa huisahau kabisa. Nimelia kwenye uji.

Nikamuuliza Hugues angenipa ipi. Akasema siku nilipotokea pale uwanja wa ndege, nimevaa koti la baba, mikono inafika magotini. Kisha akakunja uso. Hapana, hiyo hatoi, yeye abaki na nini?

Mume huyu!

Alhamisi, 9 Machi

Nimefanya nini mimi?

Leo maombi ya wanawake Perry Barr, mtaa wa jirani, kwa Shangazi Léocadie, shangazi yake Hugues. Ndani ya basi nikasoma malkia Ilvane anatupwa na mjomba wake kwenye gereza la chumvi. Nimefika macho mekundu.

"Mkamwana, unalia nini? Hugues amekukosea?"

"Hapana, Shangazi. Ni Ilvane. Mjomba wake amemtupa gerezani!"

Nilikuwa karibu kucheka na kueleza. Wameshapiga magoti! Hakuna aliyeuliza Ilvane ni nani. Nani angeuliza hapa? Kila mmoja ana mtu wake kule Kongo aliyechukuliwa na askari. Shangazi akatangaza kufunga, Ijumaa na Jumamosi, hata chai marufuku. Dada Edah akanishika mkono mpaka mwisho. Kaka yake, Bethuel, alichukuliwa njiani karibu na Uvira. Mwaka wa pili huu, hakuna habari.

Nami? Nikasema amina!

Ijumaa, 10 Machi

Nimefunga na mimi. Ningekulaje?

Nilipomsimulia Hugues, alicheka mpaka akakohoa. Nilipomtaja Edah akaacha. Akasema nimwambie mwenyewe, mapema. Nitamwambia. Kwanza nijue kama Ilvane anatoka.

Jumamosi, 11 Machi

AMETOKA! Ukurasa wa 612! Ameuimbia mto, mto ukapanda mlima, ukaingia gerezani, ukayeyusha kuta zote za chumvi! Sijawahi kusoma kitu kizuri hivi. Nikaruka jikoni, "Ilvane ametoka! Ametoka!"

Hugues alikuwa kwenye simu. Na Shangazi.

Sauti ya Shangazi niliisikia simuni kutoka mlangoni. "Haleluya! Kesho atoe ushuhuda, kanisa lote lisikie!" Hugues amebaki kashika simu kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

Saa moja baadaye, Edah kapiga simu. Analia, anacheka. Akasema amefunga kwa ajili ya Ilvane kwa moyo kuliko alivyowahi kufunga, maana jina la Bethuel watu wamechoka kuliombea, na yeye anaona haya kulitaja tena. Kama wako ametoka, akasema, na wangu atatoka.

Sikumwambia. 

Jumapili, 12 Machi

Choo cha kanisa. Daftari juu ya goti.

Edah ameniwekea kiti pembeni yake. Kavaa kitenge alichovaa kwenye harusi yetu. Hugues kaniminya vidole, kasema popote nitakaposimama atasimama nami. Kitabu kiko kwenye mkoba, na mawaridi yake yote. Ningekuwa Orovai ningetoa kumbukumbu ya Alhamisi. Lakini nani ningempa mzigo huo?

Hata hivyo mto ule ulipanda. Niliuona. Huo si uongo.

Shangazi anagonga.

"Mkamwana! Toka, mama, micro ya kusemea inakungoja! Umeogopa watu?"

Nakuja, Shangazi. Nitaanza na jina la Bethuel. Nitaomba wapige magoti kwa ajili yake, wote, kama walivyopiga kwa wangu. Halafu nitafungua mkoba mbele ya Edah na kumwonyesha kitabu anamoishi Ilvane.