Abo, Gari Zuri Lilimsahau Mama Mkwe

Abo, baba yangu,

Salamu za amani zikufikie huko uliko, Mola akupanulie kaburi. Jana mume wangu aliniuliza tununue gari la aina gani, nikacheka peke yangu jikoni. Nilikuwa nimekukumbuka wewe na ile pikapu nyeupe.

Lilikuwa gari zuri, tusidanganyane. Ulienda kulikagua na marafiki zako wawili wa soko la mifugo, mkalipekua kama mnavyopekua ngamia: mkafungua mdomo, mkagonga mbavu, mkalala chini kutazama tumbo. Injini haina kelele, mchangani halikwami, mbuzi wa kupeleka kambini Ifo wanaenea nyuma bila kukanyagana. Ukaingia mtaani kwetu Garissa ukipiga honi tangu kona ya msikiti. Hoyo, mama yangu, akatoka, akalizunguka, akachungulia ndani.

"Kiti ni kimoja tu," akasema. "Sasa mama atakaa wapi?"

Wallahi, uso wako ule! Wanaume watatu wazima, na hakuna hata mmoja aliyemkumbuka mama mkwe. Ayeyo, mama yake Hoyo, alikuwa akiishi nasi, na kidonda cha kisukari kilikuwa kinamla mguu. Daktari alitaka kikasafishwe hospitalini kila siku mbili tatu, la sivyo mguu ungekatwa. Nawe ulikuwa mtu wa mila: mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Miaka yote mlipishana uani kila mmoja akitazama kando, kwa heshima. Ukae naye bega kwa bega kwenye kiti kimoja? Sheikh alikuambia hakuna dhambi, huyo ni kama mama yako mzazi. Ukamjibu, "Dini imeruhusu, sheikh. Ni mimi ndiye siwezi."

Ukajaribu kulirudisha. Aliyekuuzia akasema gari si shati.

Basi ukampa Hoyo ufunguo. Ulimfundisha kwenye uwanja wa soko la mifugo, siku ambazo hakuna mnada, na wazee wa hoteli ya chai wakahamisha viti nje ili watazame vizuri. Mmoja akasema umeolewa. Ulimtazama tu, ukamuuliza, "Mguu wa mama ukikatwa, wewe utaushona?" Akarudi kwenye chai yake.

Tukawa tunaenda hivyo: Hoyo kwenye usukani, mimi katikati, Ayeyo dirishani, na wewe nyuma juu ya magunia, umejifunga shali usoni, jua la kwetu linakuchoma. Hamkusemeshana hata siku moja. Mimi ndiye niliyebeba maneno.

"Mwambie huyo mwanamume anywe maji," Ayeyo ananiambia.

"Mwambie mama nimekunywa," unajibu kutoka nyuma, kabla sijafungua mdomo.

Mlikuwa mnasikiana vizuri kabisa, Abo, na mimi mnanichosha bure.

Nakushukuru. Ungeweza kumwachia jirani kazi hiyo, au ukabaki kivulini na wenzako ukasema ni mambo ya wanawake. Ulikubali kula vumbi na kuchekwa. Kidonda kilifunga, polepole, alhamdulillahi. Hoyo naye hakurudisha ufunguo. Mpaka leo anapeleka maziwa sokoni mwenyewe, na wale wazee wanamwomba lifti. Mume wangu nimemwambia kabla ya injini tuanze na watakaopanda. Hakuelewa, nikamsimulia habari zako mpaka chai ikapoa.

Kuna jambo moja hukuliona. Siku ya tatu ya msiba wako Ayeyo aliinuka, akakataa kushikwa mkono, akatembea mwenyewe hadi kwenye mkeka wa wageni. Mama mmoja aliyetoka mbali akamuuliza, "Marehemu alikuwa nani wako?"

Nilijua atakavyojibu: "Mume wa binti yangu." Ndivyo alivyokuita siku zote mbele ya wageni. Badala yake akalitaja jina lako, mara ya kwanza nalisikia kinywani mwake, akasema, "Nimezika mwanangu."

Pumzika, Abo. Dua zetu zinakufuata.

Binti yako mkubwa