Zafarani ya Mtihani wa Hesabu

Jumapili, 6 Julai

Kesho jaribio la Hesabu. Baba kashasema: mtihani wa mwisho wa muhula nikipata chini ya hamsini, nahamia kwa shangazi Voi, shule ya bweni. Voi! Mimi, nisiyepata usingizi nje ya mtaa wetu wa Bondeni. Mama hunitetea, lakini utetezi wake ni ule ule — sisi ukoo wetu hesabu hazituingii. Leo kawaambia hata wageni, huku akiwapakulia biriani.

Asubuhi Nyanya alikuwa kaniandikia kombe. Aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani, akaziosha kwa maji, akayatia chupani, akaiweka frijini. Kasema ninywe asubuhi kabla ya kutoka.

Jumatatu, 7 Julai

Nimekunywa lote. Siku zote nikifika swali la tatu naona kiza, naanza kuchora maua pembeni mpaka kengele. Leo nikajiambia, umeshakunywa, waogopa nini? Nikaandika mpaka nikanyang'anywa karatasi. Mkono waniuma — raha tupu.

Ijumaa, 11 Julai

SITINI NA MOJA. Mimi niliyezoea kupata kumi na tisa!

Mwalimu Mung'aro kaniita mbele, nikadhani ataniuliza nimenakili kwa nani. Kasema tu mara hii sikuacha nafasi tupu. Ati mambo haya nilikuwa nayajua, ila nilikuwa nakata tamaa mapema. Joy, rafiki yangu anayenifundisha kila alasiri huku akinimalizia viazi karai vyangu, kanirukia shingoni tukaanguka sote.

Nyumbani Nyanya hashikiki. Majirani wawili wameshaleta sahani zao waandikiwe.

Jumamosi, 12 Julai

Yarabi. Mbavu zangu.

Nimemwambia Mama kombe lilikuwa zuri, ila lina chumvi. Kasimama na mwiko mkononi. Kombe na chumvi wapi na wapi? Anayetwanga zafarani kwa chumvi ni yeye, ya biriani. Chupa zilikuwa mbili frijini, zafanana, rangi moja.

Kwa hiyo mimi nimekunywa rangi ya wali. Kombe wamelila wageni! Mjomba Sattar peke yake alipiga sahani tatu, huenda sasa ni profesa.

Mama kaniapisha Nyanya asijue. Tumecheka jikoni mpaka tumekaa chini. Halafu nikajiuliza. Kama si kombe, zile hesabu kazifanya nani? Mimi? Nafurahi na naogopa, vyote pamoja.

Jumatatu, 21 Julai

Mapumziko. Naandika upesi, nimekaa ngazini. Leo ndio mtihani wenyewe, wa mwisho wa muhula. Karatasi ya kwanza imekwisha, ya pili baada ya kengele.

Asubuhi Nyanya kanipa kombe jipya, nimelinywa mbele yake nikambusu mkono. Nikaingia kifua mbele. Swali la tatu likanikaba vilevile. Duara, pembe, na herufi zisizojulikana zilikotoka. Nikakumbuka, we Mahira, mara ile tumboni ulikuwa na rangi ya wali tu. Nikaanza mstari wa kwanza. Wa pili ukaja. Sijui kama nimepata, lakini nimefika mwisho.

Joy kaja mbio — mamako yuko getini.

Mama! Buibui kalivaa kwa haraka, chupa mkononi. Zafarani kwa chumvi, katwanga asubuhi hii. Kasema kombe ni baraka, yeye hakatai, ila iliyoleta sitini na moja ni hii, tusibahatishe, Voi ni mbali. Kaifungua chupa mwenyewe, kanisogezea mdomoni kabla sijamsalimu. Hapo ndipo nilipojua nani hasa anaogopa hesabu nyumbani kwetu.

Nikamwambia, Mama, mimi zinaniingia. Kunywa wewe.

Kanitazama kama hanijui. Kisha kainywa yote, palepale getini, bawabu akimkodolea macho. Kakunja uso kwa ile chumvi. Kasema haondoki mpaka nitoke, na kama nina swali nimpigie kelele dirishani.

Nimecheka hadi machozi. Sasa namwona kutoka hapa ngazini, kakaa juu ya kiti cha bawabu, ahesabu kwa vidole, midomo yaenda. Kengele hiyo —