Shimo Kando ya Mbaazi

Kaka,

Huku tu wazima kiasi. Mbuzi kazaa mapacha, na mlango wa jikoni bado unalia vilevile.

Sasa kaa chini nikutambie! Ulipoondoka ulisema shamba letu ni chujio, mvua ikinyesha asubuhi, jioni vumbi. Basi juzi tulichimba shimo la choo kando ya mbaazi. Mchimbaji alizama mpaka kichwa kikapotea, hajagonga jiwe hata moja, mara akapaza sauti: "Dada, huku chini pana unyevu!" Akanirushia donge. Nikalifinya, likashikamana. Na mizizi ya mbaazi ilikuwa imeshamtangulia hukohuko.

Kumbe maji hayakuwa yanatoroka. Udongo ulikuwa unayaficha jua lisiyaone. Mwaka huu mazao ya majirani wa bondeni yameoza kwa maji yaliyotuama. Mimi magunia yamejaa mpaka chumbani kwako!

Baba, ambaye hajakutaja tangu mgombane, siku hizi hainuki kitandani. Nilimwekea lile donge kiganjani. Akalinusa, akacheka mpaka akakohoa, akasema: "Mwambie mbishi yule aje ashike jembe, kabla hamjanichimbia shimo langu."

Njoo. Magunia nitayahamisha.

Mdogo wako uliyemwachia vumbi