Pua ya Binti Yangu, Sauti ya Stendi

Binti yangu ndiye atakayekuwa sauti ya stendi mpya ya mabasi. Milango yote, vibanda vyote, hadi vyooni, ni yeye atakayesikika akisema basi lipi linaondoka na abiria wasimame wapi, na hata akiwa amelala nyumbani sauti yake itakuwa kazini.

Mpendwa mshauri, sasa ndiyo nakusalimu, hamjambo hapo gazetini? Naomba unisaidie kabla furaha hii haijaniponyoka. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba lakini gazeti lako nalisoma mpaka matangazo ya vifo, na huyu binti ni kitinda mimba wangu, anakata tiketi stendi ya zamani, na siku moja kipaza sauti kilipokufa akapanda juu ya benchi akayataja mabasi yote kwa mdomo mtupu, asiachwe mtu, na mkubwa wa stendi alikuwa anapita na kikombe chake cha chai, akasimama mpaka chai ikapoa, akauliza huyu ni wa nani. Ni wangu. Walijaribiwa wengi, akachukuliwa yeye, sisemi hivyo kuwadharau wengine, nasema ilivyokuwa.

Tatizo ni pua. Sainasi imemkalia tangu baridi ianze na haitaki kutoka, upande wa kushoto tu, shavu linamuuma akiinama kuokota kitu, kamasi zinatoka za njano zenye harufu mbaya hata mwenyewe anaona haya kukaa karibu na watu, na sauti imekuwa ya mtu aliyefungiwa kabatini. Walipomwita kurekodi alitaka kusema "Mabasi yanayoondoka", ikatoka "Babasi yadayoodoka", mkubwa akazima mashine taratibu asimvunje moyo, akampa mpaka mwisho wa mwezi, akasema baada ya hapo itabidi wamrekodi mwingine.

Na mimi sijakaa bure, ndimi daktari wa nyumba hii, waulize majirani. Namfukiza asubuhi na jioni, sufuria ikitoka jikoni inatokota, majani ya mkaratusi, tangawizi na limau ndani yake, namfunika blanketi lile zito, na akilalamika, "Mama, unanitibu au unanipika?" namwambia kaa humo, sauti ya stendi haiji kwa kudeka. Nikampa na vidonge vilivyobaki kaka yake alipochanika mguu. Wifi yangu, yaani shangazi yake, akaja na ugoro, akamwambia, "Vuta, mwanangu, uchafu wote utatoka," mtoto akapiga chafya mpaka paka akahama chumba, lakini pua ikarudi palepale. Sasa wifi anasema tukamue kitunguu saumu kibichi tudondoshee puani, na mimi roho inasita, na binti amesema akimwona shangazi na hicho kitunguu anahamia kwa rafiki yake.

Usidhani mkono wangu ni mbaya. Mwaka jana jino lake la juu, upande huohuo wa kushoto, lilimtesa hata kulala hawezi, watu wakasema apelekwe kwa daktari, mimi nikasaga karafuu nikalijaza, nikamsukutuisha maji ya chumvi, likanyamaza mpaka leo. Keshalisahau kabisa, ila kutafuna anatafunia kulia, mazoea tu. Basi mkono uliotuliza jino unashindwaje na pua? Niambie, saumu nidondoshe au nisidondoshe, maana mwezi unakatika. Namba yangu ya simu ipo chini hapa.

Ni mimi, Mama wa Sauti.

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Sauti, barua yako sikuipanga foleni. Nilikupigia siku ileile, na niliyokwambia nayachapa hapa kwa sababu nyumba zenye blanketi kama lako ni nyingi.

Kwanza hongera. Mtoto anayepanda benchi ili abiria wasiachwe na basi kuna mtu amemlea, na aliyemlea namwona kwenye kila mstari wa barua hii. Haya, sasa nikugombeze.

Saumu usidondoshe. Ndani ya pua ni laini, utamuunguza. Ugoro mrudishie wifi yako kwa heshima zote. Vidonge vya mguu wa kaka si vya pua ya dada, na mabaki hayaponyi, yanavizoesha vijidudu dawa. Mvuke si mbaya, unalegeza kamasi na kumpa nafuu, lakini sufuria inayotokota usiiingize chini ya blanketi na mtoto wa watu. Ikipinduka utauguza mapaja badala ya pua. Weka bakuli mezani, maji yapoe kidogo, ajifukize akiwa mbali nalo. Kinachosaidia zaidi ni kusafisha pua kwa maji ya chumvi: maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya bombani moja kwa moja, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, ainame juu ya beseni, yaingie tundu moja yatokee la pili, taratibu.

Lakini hayo yote ni kupiga deki huku bomba linavuja. Isome tena barua yako, mama. Upande mmoja tu. Harufu mbaya. Jino la juu, upande huohuo. Na binti ambaye mpaka leo hatafunii huko. Mtu haepuki upande mmoja wa mdomo bure. Mizizi ya meno ya juu imepakana na uwazi ulio nyuma ya shavu, na usaha wa jino bovu huweza kupanda humo. Sijamwona, siwezi kuapa, ila nadhani jino lile halikupona, lilikufa kimyakimya. Karafuu ilituliza maumivu, ndiyo kazi yake, na wewe ulifanya vizuri kumtuliza mwanao. Ulipokosea ni kuuamini ule ukimya.

Kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa meno, jino lipigwe picha. Jicho likianza kuvimba, homa ikapanda, kichwa kikauma kupita kiasi au shingo ikakakamaa, usimngoje daktari wa meno wala mimi, kimbilia hospitali. Na umpeleke wewe mwenyewe. Shangazi abaki na paka.

UJUMBE WA MAMA WA SAUTI, ULIOINGIA JANA

Mshauri, lilikuwa jino. Daktari kaling'oa, kampa dawa, nami nimezisimamia mpaka kidonge cha mwisho. Pale kwenye kiti nilimshika mkono nikidhani namtuliza, kumbe yeye ndiye anayenituliza mimi, "Mama, legeza kidogo, hivyo vidole ndivyo vinavyokata tiketi." Pua ikafunguka polepole, sauti ikarudi na nyongeza. Wamesharekodi. Mkubwa aliomba arudie tangazo la kwanza, nikashtuka, kumbe hakuna kosa, alitaka tu kulisikia tena. Blanketi nimelifua, atajifunika wifi, maana anakuja na ukoo wake wote. Nawe uje, na wasomaji wako, asiyesafiri aje kusikiliza tu. Stendi mpya inafunguliwa Jumamosi, saa tatu asubuhi.