Kamba ya Mdomo wa Punda

Jumatatu, 9 Juni
Punda wanne kabla ya jua kukolea. Kazi ile ile. Stetoskopu kifuani, kisha kitanzi cha kamba kwenye mdomo wa juu, sokota kikaze, subiri, sikiliza tena. Damu shingoni, chupa kwenye barafu. Mapigo ya moyo yanashuka, kope zinakuwa nzito. Inasemekana ubongo wa punda unamwaga endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea, jamaa ya mofini. Hiyo ndiyo ninayoitafuta kwenye damu. Majibu ya maabara ya chuo bado.

Mwenye punda mmoja alisema wanatulia kwa woga tu. Nilicheka. Kicheko cha mtu asiye na hakika.

Jumatano, 11 Juni
Neno lile haliniachi. Woga pia hunyamazisha. Nimesoma kwamba farasi wakidungwa kwanza dawa ya kuzuia endofini, kamba haiwatulizi tena. Sawa. Farasi. Si punda wa hapa. Labda nimekuwa nikitesa wanyama na kuita mateso utafiti. Sikula chakula cha jioni.

Ijumaa, 13 Juni
Kijijini Ngaremara. Mama Nakiru, Mturkana anayeuza maji, aliniita. Mkanda wa mkokoteni umemla punda wake bega. Kidonda kina funza. Sindano ya ganzi ninayo, lakini punda huyo, Lokwang, hakubali kuguswa, na dawa ya kutuliza imeisha ofisini. Nikatoa kamba. Mama, ajuaye mimi ni Mmeru, akakataa.

"Hiyo peleka kwa punda ya Meru. Yangu nashika masikio, kama mama yangu alishika."

Akalipinda sikio. Punda akasimama kimya. Nikasikiliza: moyo ulikuwa mbioni. Nilipogusa kidonda, teke lilinikosa goti kidogo tu. Mama akanifukuza. Bila kidonda kusafishwa punda atakufa. Nina hasira. Ninaogopa pia.

Jumamosi, 14 Juni
Nilirudi. Lokwang hali chakula tena, na harufu ya kidonda imezidi. Mama hakunifukuza.

Sikubishana. Nilimvika Mama stetoskopu. Kwanza sikio, kwa njia yake. Alisikia moyo ukikimbia, akaliachia haraka. Kisha kamba. Kama moyo ule ungeendelea kukimbia, nisingekuwa na la kumwambia yeye, wala mimi mwenyewe.

Tukasubiri. Nilitazama uso wa Mama, si punda.

"Inapunguza," akasema. "Daktari! Inapunguza! Kama mtu amefika kivuli."

Nikadunga ganzi, nikatoa funza, nikaosha, upesi, maana utulivu huo haudumu. Mama alishika kamba kwa mkono mmoja, bado amevaa stetoskopu, akinikemea: "Harakisha, Mmeru! Hii si duka yenu ya kupanga sukari!"

Nilicheka. Nilipofika kwenye pikipiki nikalia. Machozi mazuri. Sijui neno lingine.

Jumatatu, 16 Juni
Mvua kidogo. Nimelala mchana kutwa kama mgonjwa aliyepona.

Jumanne, 17 Juni
Kidonda kinakauka. Lokwang anakula. Mama Nakiru amefunga kitambaa laini kwenye mkanda, na hajampeleka kazini.

Maabara bado kimya. Naweza kuwasubiri sasa.

Nilichoogopa leo ni kwamba Lokwang ataniona na kugeuka. Mama alipoinua mkono karibu na sikio, alirusha kichwa. Mimi niliweka kiganja kwenye mdomo wake wa juu. Alikinusa. Akauacha mdomo pale, akapumua juu ya kiganja.